Prodyuza Anasikia, Mwimbaji Anakisia

Kwaya ikisimama kanisani Korogwe, mwimbaji wa sauti ya pili haulizi yuko wapi. Kulia kwake yupo wa sauti ya kwanza, besi inamvumia mgongoni, na ukuta wa mbele unamrudishia kila alichokitoa. Atakaa kwenye noti yake beti zote bila kuyumba. Mtu huyohuyo mwite Jumatatu kwenye chumba cha kurekodia nyuma ya duka la simu, mvishe hedifoni, mfungulie biti, mwambie aingize sauti peke yake. Mara nyingi atashuka chini ya noti, au atapanda kwa kujikaza, au atachelewa kila anapoingia kwenye kiitikio. Prodyuza atamwambia asijali, hilo litarekebishwa. Litarekebishwa kweli, kwa Auto-Tune, na wimbo ukitoka waumini watajiuliza kwa nini mwenzao amekuwa na sauti ya mashine.

Niseme mapema ninachokiamini: sehemu kubwa ya makosa ambayo studio za nyumbani za Handeni na Korogwe zinayaita udhaifu wa mwimbaji huanzia kwenye hedifoni, si kooni. Mwimbaji hajisikii, kwa hiyo anakisia. Fedha za studio zimekwenda kwenye maiki na spika, yaani kwa ajili ya masikio ya prodyuza na ya msikilizaji wa mwisho. Masikio ya anayeimba yameachiwa hedifoni kuukuu iliyozungushiwa selotepu, yenye waya unaokata sauti upande mmoja ukiguswa.

Zamani shida hii haikuwepo. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, hakuna aliyemvisha kitu masikioni. Aliimba na wapigaji wake pembeni, na walichosikia wao ndicho kilichoingia kwenye sahani ya santuri. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ngoma, wachezaji walisikilizana kama walivyosikilizana siku zote. Bendi za Tanga kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilikulia katika utaratibu huohuo wa watu wote kupiga kwa pamoja. Suala la kujisikia lilizaliwa pale teknolojia ilipomruhusu mwimbaji aje peke yake, wiki moja baada ya mpiga gitaa kuondoka. Kompyuta ikaufanya upweke huo kuwa kawaida, kuanzia studio za Dar es Salaam za kina Master J na P-Funk hadi chumba cha Mburahati kilichotoa mkusanyiko wa singeli wa Sounds of Sisso mwaka 2017. Leo ndivyo zilivyo studio za Manundu, Mombo, Mkata na Chanika pale Handeni: chumba kimoja cha nyumba ya bloku, bati juu, kompyuta mpakato yenye FL Studio au Cubase, maiki ya kondensa ya bei nafuu, trei za mayai ukutani. Wateja ni vijana wa Bongo Fleva na singeli, kwaya, vikundi vya kaswida kutoka madrasa, wenye matangazo ya magari ya vipaza sauti, na kila baada ya miaka mitano, wagombea.

Ili kuelewa kinachomkuta mwimbaji ndani ya hedifoni, tuanze na mwadhini. Kabla ya vipaza sauti, na hata baada yake, mwadhini huweka vidole au viganja masikioni anapoita. Sauti ya mtu humfikia mwenyewe kwa njia mbili: kwa hewa, ikitoka mdomoni na kuzunguka hadi sikioni, na kwa mifupa ya fuvu, kutoka kooni moja kwa moja hadi kwenye sikio la ndani. Mhungaria Georg von Békésy, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kazi yake kuhusu sikio la ndani, alieleza mwaka 1949 kwamba njia hizo mbili zinakaribiana kwa nguvu. Ukiziba sikio, ya hewa inapungua na ya mifupa inaongezeka, hasa kwenye sauti za chini, ambako ongezeko laweza kufika desibeli 20. Kwa hiyo mwadhini aliye juu ya mnara, kwenye upepo, bila ukuta wa kumrudishia chochote, anaisikia noti yake kichwani waziwazi.

Hedifoni iliyofunika sikio lote inafanya kazi ya viganja vile. Sauti ya mwimbaji inakuwa nzito ndani ya kichwa chake, huku ule ukali wa hewa unaobeba konsonanti na mng'ao wa sauti ukitoweka. Hapo maiki na hedifoni zinapewa jukumu la kumrudishia nusu iliyokatwa. Basi kila kitu kinategemea nusu hiyo inarudi lini, na inarudi na nguvu gani.

Swali la lini ndilo linaloharibu rekodi nyingi zaidi, na ndilo linaloeleweka kidogo zaidi.

Kompyuta haipokei sauti kama mto unavyopokea maji. Inaichota kwa ndoo, inaisubiri ndoo ijae, ndipo inaifanyia kazi na kuimwaga upande wa pili. Ndoo hiyo kwenye programu inaitwa bafa, na ukubwa wake hupimwa kwa sampuli. Kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 128 huchukua karibu milisekunde 3 kujaa, ya 512 milisekunde 11.6, na ya 1,024 milisekunde 23. Sauti inachotwa wakati wa kuingia na tena wakati wa kutoka, kwa hiyo zidisha kwa mbili, kisha ongeza kidogo kwa ajili ya kadi ya sauti yenyewe. Kompyuta mpakato ya mtumba yenye biti ya traki thelathini na programu za kupamba sauti itaanza kukatakata ukiiweka kwenye 128, na prodyuza, kwa sababu ya kueleweka kabisa, ataipandisha hadi 1,024 ili itulie. Kwake mambo yamenyooka. Mwimbaji sasa anajisikia akiwa amechelewa milisekunde 46 au zaidi.

Sauti husafiri hewani takribani mita 343 kwa sekunde. Milisekunde 46 ni mita 15 na ushee. Yaani mdomo wake umepelekwa upande wa pili wa barabara, na kutoka huko anatakiwa aimbe kwa mapigo.

Kwa wimbo wa mapenzi wa mwendo wa pole, mwimbaji mzoefu anaweza kuvumilia. Singeli haivumilii. Mwendo wake uko kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika. Chukua 240, kila pigo ni milisekunde 250, na robo ya pigo, pale MC anapopachika silabi zake, ni milisekunde 62.5. Ucheleweshaji wa 46 umekula karibu robo tatu za nafasi ya silabi moja. MC ana njia mbili: aifuate sauti yake iliyochelewa, aburuze, au aikimbie, atangulie mbele ya biti. Wengi hufanya yote mawili katika ubeti mmoja. Kisha prodyuza anakesha akisogeza vipande vya sauti kwa mkono mbele na nyuma, akilaumu pumzi za kijana.

Hata ucheleweshaji mdogo una namna yake ya kuharibu, na hii haisikiki kama kuchelewa. Sauti ya mifupa inafika papo hapo, ya hedifoni inafika milisekunde 5 baadaye, zote mbili zinakutana kwenye sikio moja. Pale mawimbi yanapopishana kinyume yanafutana: kwa milisekunde 5, ufutaji unaangukia karibu na hezi 100, 300, 500, 700 na kuendelea. Hezi 100 na ushee ndiko inakokaa noti ya msingi ya mwanamume anapoimba chini. Mwimbaji haoni kwamba amechelewa. Anachoona ni kwamba sauti yake imekonda, haina mwili, na hajui kwa nini. Anachofanya ni kusukuma zaidi au kuomba hedifoni ipandishwe. Hakuna kati ya hayo mawili linalorudisha kilichofutwa.

Dawa ipo na mara nyingi imeshalipiwa. Kadi za sauti za nje zinazotumika sana, Focusrite Scarlett au hata Behringer za bei ya chini, zina kitufe au kirungu cha kupeleka sauti ya maiki moja kwa moja kwenye hedifoni bila kupitia kompyuta. Ucheleweshaji wake ni mdogo kiasi kwamba hauna haja ya kutajwa. Asiye na kadi hiyo ana miksa ya kanisani au ya sherehe: maiki iingie kwenye miksa, hedifoni itoke kwenye miksa, na waya mmoja upeleke sauti kwenye kompyuta kurekodiwa tu. Njia hii ni ya kizamani, na kwa kujisikia inaishinda kompyuta yoyote iliyobanwa na bafa kubwa. Sharti ni moja, nalo husahauliwa sana: ukifungua njia ya moja kwa moja, funga ile ya kwenye programu. Zikiachwa zote mbili, mwimbaji anajisikia mara mbili, na hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Kwa nini basi kirungu hicho kinaachwa hakijaguswa? Kwa sababu sauti inayopita hapo ni kavu. Kijana aliyezoea kujisikia na mwangwi na Auto-Tune anajiona yuko uchi, anaomba arudishiwe mapambo, na mapambo yako ndani ya kompyuta. Ugomvi huu una suluhisho zuri ambalo sijui kwa nini halijaenea. Sauti kavu ipite moja kwa moja, na kompyuta itume mwangwi peke yake, ukiwa umewekwa kwenye asilimia 100 bila sauti kavu ndani yake. Mwangwi ukichelewa milisekunde 30 au 40 hauna madhara. Hata ukumbini mwangwi huchelewa, ndiyo maana ukaitwa mwangwi. Mwimbaji anapata papo hapo kile anachohitaji kwa noti na mapigo, na anapata nafasi pana inayompa ujasiri.

Kwa Auto-Tune sina ukarimu huo. Programu hii ya Andy Hildebrand ilitoka mwaka 1997 na Cher akaifanya mtindo mwaka uliofuata kwa wimbo wa Believe. Tangu hapo imekuwa haki ya kila msanii. Aitumiaye kama rangi ya sauti simlaumu, na kama rangi ndiyo nusu ya mtindo wake, aisikie wakati wa kuimba, kwa bafa ndogo na programu nyingine zote zikiwa zimezimwa. Lakini mwimbaji wa kwaya au wa kaswida akivishwa Auto-Tune masikioni anaambiwa uongo: anashuka, mashine inampandisha, mifupa yake inamwambia jambo moja na hedifoni jingine. Baada ya nusu saa anaacha kuamini vyote viwili.

Kuna kipimo kidogo kingine cha bure. Sauti inapopita moja kwa moja, geuza polariti ya njia ya hedifoni, yaani wimbi lipinduliwe juu chini, kama miksa au programu ya kadi inaruhusu, umwombe mwimbaji alinganishe. Upande mmoja utasikika mnene kichwani mwake, mwingine mwembamba, kwa sababu mawimbi ya mifupa na ya hedifoni ama yanaungana ama yanapingana. Prodyuza hawezi kusikia tofauti hiyo hata kidogo. Ni mwenye fuvu tu anayeisikia.

Wengi wa wanaoanza hawana kadi wala miksa, wana simu. Hapa onyo ni kali zaidi. Simu za Android za bei nafuu zina ucheleweshaji wao wa ndani, lakini balaa kubwa ni hedifoni za Bluetooth, ambazo siku hizi zinauzwa kila kona ya stendi. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa milisekunde 100 hadi 200, na wakati mwingine zaidi. Mwaka 1950 Mmarekani Bernard Lee aliandika juu ya watu waliorudishiwa maneno yao kwa kuchelewa: walipunguza kasi, walipandisha sauti, walirudiarudia silabi, wakaanza kugugumiza. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba karibu milisekunde 200 ndipo mzungumzaji anapovurugika zaidi. Mwaka 2012 Wajapani wawili, Kurihara na Tsukada, walipewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel kwa kifaa kinachomnyamazisha msemaji kwa kumrudishia sauti yake kwa ucheleweshaji huo. Kijana wa Kabuku anayejirekodi kwa simu na Bluetooth huku programu ikimrudishia sauti amejivalisha kifaa kilekile. Atumie hedifoni ya waya ya tundu la milimita 3.5, azime kurudishiwa sauti yake, asikilize biti kwa sikio moja, na sikio la pili aliache wazi. Kwa simu, sikio tupu ni monita bora kuliko programu yoyote.

Sikio moja lenyewe ni madhehebu, na lina wafuasi hata kwenye studio kubwa. Mwimbaji anasukuma kikombe kimoja nyuma ya sikio na ghafla anakaa kwenye noti. Siri yake ni kwamba sikio lililofunguliwa linapokea tena nusu ya hewa kwa njia ya asili, pamoja na chumba. Kasoro ni biti kuvuja kutoka kwenye kikombe kilichoachwa na kuingia kwenye maiki. Kwa hiyo peleka sauti yote upande unaotumika na uzime ule mwingine, au kikombe kibanwe kichwani, kisining'inie shingoni.

Sasa nguvu. Prodyuza hupenda kumpa mwimbaji biti kama anavyoisikia yeye: ngoma imejaa, besi inatikisa. Ni kosa la ukarimu. Noti ya kushika haipo kwenye besi ya namna hiyo. Iko kwenye kinanda, gitaa au marimba, huko katikati, na besi ikizidi inaifunika. Kuna pia suala la sikio lenyewe: tangu miaka ya 1930 imejulikana kwamba toni tupu ya chini ikiongezwa nguvu husikika kama imeshuka. Sauti ya binadamu, yenye toni nyingi ndani yake, haidanganyi kiasi hicho, kwa hiyo sioni kwamba hiyo ndiyo sababu kuu ya waimbaji kushuka. Sababu kuu ni rahisi zaidi: biti imezidi, mtu hajisikii, anaimba kwa kumbukumbu ya misuli. Punguza biti mpaka mwimbaji alalamike, kisha ipandishe kidogo. Toa besi, acha kinanda, acha pigo moja la kushika mwendo. Ikibidi tengeneza mchanganyiko wa hedifoni usiofanana kabisa na wimbo. Hautauzwa kwa mtu yeyote.

Nguvu ikizidi kuna hasara nyingine isiyotibika. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya ya wafanyakazi, inaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu: kwenye 94 imebaki saa moja. Studio za kukesha zinavuka hapo kila wiki, na wanaoumia kwanza ni maprodyuza wenyewe.

Na kwa nini studio zetu zinakesha? Joto, na kelele za mchana. Bonde la Korogwe lina joto ambalo Lushoto, huko juu milimani, hawalijui, na chumba chenye bati bila dari saa nane mchana hakikaliki. Feni ikiwashwa inavuma kwenye maiki. Ikizimwa mwimbaji anatoa jasho ndani ya hedifoni. Nje kuna mashine ya kusaga, gereji, bodaboda zilizokatwa bomba la moshi, na malori ya barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha. Masika mvua ikipiga bati, kazi imeisha. Kila mtu anafikiria kelele kama kitu kinachoingia kwenye rekodi, wakati kelele inaingia kwanza kwenye koo. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza mwaka 1911 kwamba mtu aliyezungukwa na kelele hupandisha sauti bila kukusudia, na kelele ikiondoka anashuka papo hapo. Feni ndani ya chumba, au mvumo wa umeme ndani ya hedifoni, unatosha kumfanya mwimbaji aimbe kwa kukaza wimbo aliotaka kuunong'ona.

Huo mvumo una utani wake. Umeme wetu ni wa hezi 50, na sehemu yake imekuwa ikitoka Mto Pangani pale Hale, wilayani Korogwe, tangu mwaka 1964. Hezi 50 iko juu kidogo tu ya noti ya G. Kwenye nyumba isiyo na waya wa ardhini, hedifoni inampigia mwimbaji noti isiyo ya wimbo, na G yenyewe imepanda kidogo. Chomoa chaja ya kompyuta wakati wa kurekodi. Mara nyingi mvumo unakwisha papo hapo.

Kuhusu kuta sitakaa sana. Trei za mayai zinapunguza kidogo ukali wa sauti za juu na hazizuii bodaboda hata moja. Chumba kikinyonya sauti za juu tu na kuacha za chini, mwimbaji aliyefungua sikio moja anajisikia ndani ya pipa. Kinachonyonya ni unene na nafasi kati ya kitu na ukuta: kwa hezi 1,000, ambazo wimbi lake lina urefu wa sentimita 34, unahitaji kama sentimita 8 kuanza kufanya kazi ya maana. Godoro linatosha, blanketi nene lililoachana na ukuta linatosha. Na watu waliozungukwa na mkonge tangu Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893 hawana sababu ya kuagiza sponji kutoka China: nyuzi fupi zinazobaki kiwandani, zikijazwa kwenye fremu ya mbao ya sentimita 10 na kufunikwa kwa kitenge, zinafanya kazi nzuri, mradi zikae mbali na nyaya za umeme, maana zinashika moto. Jambo moja tu wengi wanalikosea ni mahali pa kuweka. Maiki za kawaida za kuimbia husikia mbele yake, sio nyuma. Ukuta unaoingia kwenye maiki ni ule ulio nyuma ya mwimbaji, kwa hiyo godoro lisimame mgongoni kwake. Na kwa chumba chenye kelele, maiki ya dainamiki kama Shure SM58, iliyoko sokoni tangu mwaka 1966, ikiwa karibu na mdomo itakuepusha na mengi ambayo kondensa inayapokea yote bila kuchagua.

Kwaya na kaswida zinataka mawazo tofauti kabisa. Wanakwaya 20, hedifoni tatu: kinachofanyika kwa kawaida ni kiongozi kuvaa, wengine kumfuata, na sauti ya pili kubaki bila dira. Lakini mbona wavae? Ujuzi wao wote ni wa kusikilizana. Wape biti kwa spika, kwa nguvu ndogo. Spika moja ikiwekwa nyuma kabisa ya maiki ya kadioidi, ile inayosikia mbele tu, upande wake kiziwi, tayari uvujaji umepungua. Zikiwa mbili, ziwe umbali sawa kutoka kwenye maiki, zipige sauti ileile ya mono, na moja igeuzwe polariti. Penye maiki mawimbi yatafutana kwa kiasi kikubwa, lakini waimbaji, wenye masikio mawili na waliosimama mahali pengine, wataendelea kusikia. Mwisho wasimame kimya, bila kusogea, biti ipigwe tena na kurekodiwa. Ukigeuza rekodi hiyo polariti na kuichanganya na ya kwanza, sehemu kubwa ya mabaki ya biti inafutika. Kwa vijana wa madrasa wenye dufu zao hata spika haihitajiki. Wapige na kuimba kwa pamoja kama wanavyofanya kwenye maulidi, maiki mbili tu, na upangaji ufanywe kwa kusogeza watu: mwenye sauti kali arudi nyuma hatua mbili.

Kinachobaki si cha vifaa. Ni adabu. Mama wa kwaya aliyekuja na nauli ya kikundi, akilipia saa, anaulizwa na prodyuza mwenye umri wa mwanawe: "Mama, unajisikia vizuri humo?" Atajibu, "Ndiyo, mwanangu," hata kama anasikia ngoma tupu, kwa sababu hajui kama kuna namna nyingine na hataki kuonekana msumbufu. Kijana naye ataulizwa, "Mgosi, hedifoni iko poa?" na atasema iko poa, maana msanii wa kweli halalamiki. Swali la namna hiyo halileti jibu. Maprodyuza wanaopata sauti nzuri hawaulizi. Wanavaa hedifoni hiyohiyo, wanasimama mbele ya maiki hiyohiyo, wanaimba mistari miwili wenyewe. Kisha wanampa mwimbaji kirungu kimoja mkononi, cha sauti yake mwenyewe, azungushe apendavyo.

Halafu wimbo unapigwa kwenye spika na mwimbaji anakunja uso: "Hii siyo sauti yangu. Mbona nyembamba?" Yuko sahihi kwa upande wake. Rekodi haina mifupa yake. Ile besi aliyoishi nayo tangu utotoni imebaki kichwani. Atamwomba prodyuza aongeze uzito, na prodyuza mwenye kutaka amani ataongeza, na wimbo utatoka ukiwa umefunikwa blanketi. Afadhali mchanganyiko huo wampe shemeji, jirani, au dereva wa bodaboda anayesubiri abiria nje. Hao ndio waliomsikia siku zote kwa njia ya hewa.